Mmea unaoota juu ya mbuyu, maua ya njano yenye madoa kama chui: ni dawa kweli? Mama kaambiwa achemshe anywe

Mwana_Bweni

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Naombeni msaada wa haraka maana jambo lenyewe liko nyumbani Pangani na mimi niko Dar kikazi.

Iko hivi, tuna shamba la minazi aliloacha marehemu mzee na katikati ya shamba kuna mbuyu mkubwa sana. Juu ya huo mbuyu pale matawi yanapogawana kuna mmea upo toka mi mtoto mdogo, uko kama kichaka cha miwa myembamba ya njano njano, majani magumu marefu yako huko juu kwenye ncha, na chini yake kuna kitu kama kiota kimejaa vijiti vyeupe vilivyochongoka vinaangalia juu, utotoni tulikua tunaogopa kupanda tukijua ni kiota cha bundi. Ukitoa maua ni mazuri mno, njano yenye madoa ya kahawia kama ngozi ya chui, na jioni ukikaa chini ya mbuyu unasikia harufu tamu kwa mbali.

Sasa wiki iliyopita kaja jamaa na pikipiki na viroba, anasema ananunua dawa za miti. Akauona ule mmea akamwambia bi mkubwa kwamba hiyo ni dawa kubwa sana na yeye atatoa elfu thelathini achukue kichaka chote. Mama akamuuliza inatibu nini, jamaa kumwangalia miguu (mama ana sukari mwaka wa sita huu na miguu inamuwaka moto usiku na ganzi) akamwambia basi wewe huna haja ya kuteseka, kata yale mashina chemsha mpaka maji yawe ya njano, kunywa glasi asubuhi na glasi jioni siku ishirini na moja, na vidonge vya hospitali uache kwanza maana "vitagombana na dawa".

Mama yangu ameshaanza kuamini. Dada yangu aliyeko nyumbani ndo kanipigia simu. Maswali yangu ni haya, huu mmea unaitwaje, una dawa yoyote inayojulikana, una sumu? Na je unaumiza mbuyu, maana jamaa kasema pia unaunyonya na ipo siku utaukausha. Nikimkatalia mama bila sababu ataona namnyima uponyaji kwa hiyo nataka niongee nae nikiwa na kitu mkononi.

Kigwangule

Weka picha mkuu, mimea ya juu ya miti ni mingi sana, bila picha tutabahatisha.

Mwana_Bweni

Dada kapiga kwa simu yake ndogo haionekani vizuri lakini nimeweka, ile ya pili ndo inaonyesha vile vijiti vya chini. Maua hayapo sasa hivi.

MsituWetu

Mwana_Bweni, ile picha ya pili imemaliza ubishi, hata usingeweka maua. Hivyo vijiti vyeupe vinavyoangalia juu ni mizizi, na huo mmea ni okidi, jina la kitaalamu Ansellia africana. Nimefanya kazi za misitu mkoa wa Tanga miaka mingi nimeukuta kwenye mibuyu, kwenye mikoche, mpaka kwenye migunga huko bara kavu. Wazungu wanauita okidi ya chui kwa sababu ya hayo madoa. Hilo jina Ansellia linatokana na John Ansell, mtunza bustani Mwingereza aliyeukuta kisiwa cha Fernando Po (siku hizi Bioko) mwaka 1841 kwenye ule msafara wa mto Niger, na John Lindley ndiye aliyeuandika rasmi 1844. Ni mmea wa Afrika kabisa, kuanzia Afrika magharibi mpaka huku kwetu na kushuka mpaka Afrika Kusini.

Nianze na mbuyu wako maana hapo jamaa kakudanganya mchana kweupe. Kuna mimea inayonyonya mti, hiyo ndo watu wanaita virukia, inapenyeza mizizi ndani ya gome inafyonza maji ya mwenzake, ukiona mwembe una tawi limejaa majani ya aina nyingine ujue ndo hiyo. Okidi hainyonyi. Imekaa tu juu ya mbuyu kama mtu aliyepanda juu kutafuta mwanga na hewa. Chakula chake inakipataje sasa, ndo hiyo kazi ya vile vijiti ulivyoogopa utotoni. Mizizi mingine imeshika gome isianguke, mingine inageuka inaota kwenda juu imechongoka inatengeneza kama kikapu, majani makavu yakianguka na vumbi na vinyesi vya ndege vinanasa humo, vinaoza taratibu, mvua ikinyesha ile rutuba inashuka kwenye mizizi. Yaani mmea unajitengenezea mboji yake angani. Na hiyo "miwa" ni ghala, umeweka maji na chakula humo kwa ajili ya kiangazi, ndo maana inastahimili miezi ya jua kali juu ya mbuyu usio na jani.

Kwahiyo mbuyu wako uko salama, hao wawili wameishi pamoja kabla wewe hujazaliwa.

Sasa kuhusu kukua. Mbegu za okidi ni kama vumbi, hazina chakula ndani kama punje ya mahindi au maharage, lazima mbegu ikutane na aina ya kuvu itakayoilisha mwanzoni ndo iote, ikikosa hiyo kuvu inakufa. Kwahiyo kwenye maelfu ya mbegu zinazopeperuka ni chache mno zinafika kuwa mmea, na huo uliofika unachukua miaka mpaka utoe ua la kwanza. Kichaka cha ukubwa wa kwenye picha yako ni cha umri mkubwa. Jamaa anakibeba kwa dakika kumi na panga.

Swala la dawa ngoja wengine waongee, mimi wa miti.

BintiMkoba

Nimesoma huu uzi nimeshindwa kupita kimya. Mimi babu yangu mzaa mama alikua mganga wa miti huko Handeni, sio wa ramli, wa miti na mizizi, na nimemshikia mkoba kuanzia nina miaka tisa mpaka alipofariki nikiwa form two. Kwahiyo mtu asije akasema nadharau dawa zetu, mimi mpaka leo mwanangu akiumwa tumbo kuna majani nayajua nayatwanga.

Hiyo okidi babu alituonyesha. Tulikua tumekaa chini ya mkoche tunapumzika akaninyooshea kidole juu akasema unaona ule, ule watu wanautafuta sana kwa sababu haujagusa ardhi, mtu akiona kitu kimeota bila kugusa ardhi anaona lazima kina nguvu. Nikamuuliza babu unatibu nini, akaniambia mimi sikufundishwa dawa yake, na kitu ambacho sikufundishwa sikitoi. Maneno hayo nimekaa nayo mpaka leo. Huyo mzee alikua na miti zaidi ya mia kichwani na bado aliweza kusema hapa sijui.

Na jambo jingine, mganga wa kweli haanzi na bei ya kichaka. Babu mgonjwa akifika anamkalisha, anamuuliza umeanza lini, usiku unakuaje, chakula, choo, mkojo, nani kwenu aliwahi kuugua hivi, unatumia dawa gani nyingine. Alafu anaenda mwenyewe porini anachimba mzizi wa upande mmoja anafukia shimo, mti hauachwi ufe. Huyo wa pikipiki kaja na viroba, kamwangalia mama miguu dakika mbili katoa dozi. Na anataka auziwe mmea wote! Sasa kama ni dawa ya mama, mbona anataka kuondoka nayo?

Mwambie mama hayo, kwa heshima. Na amuulize huyo mtu kitambulisho cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, waganga wanasajiliwa, sheria ipo toka 2002.

Mzaramo_Durban

Naweza kuongeza kitu hapa maana nipo Durban mwaka wa kumi na moja sasa na kibanda changu cha kushona viatu hakiko mbali na soko la dawa za miti pale Warwick. Hiyo okidi inauzwa, nimeiona kwa macho yangu imelundikwa imekauka pamoja na magome. Wazulu wanaiita imfe-yenkawu, maana yake muwa wa tumbili, ukiona yale mashina unaelewa wamepataje jina.

Lakini sikiliza matumizi yake ndugu yangu, maana hapo ndo penye jibu lako. Wao kinachojulikana zaidi ni dawa ya mapenzi, mashina yanalowekwa maji mtu anatumia kumvuta mwenzake au kwa nguvu za kiume. Na mizizi inachomwa moshi wake unafukizwa ndani kufukuza ndoto mbaya, mtu anaeota vibaya au mtoto anaeshtuka usiku. Nimewahi kumsikia mama mmoja muuzaji akimwambia mteja kuhusu kikohozi pia. Sukari sijawahi kusikia hata siku moja, na mimi mwenyewe nina sukari kwahiyo nimeshauliza kila dawa pale sokoni.

Nikiri kwamba wale kina mama wanajua kazi yao, wana maarifa, sio wa kudharau. Ila tatizo la soko ni kwamba dawa imetoka mbali na aliyeichimba hayupo, muuzaji wa pili hajui, wa tatu anaongeza ugonjwa mwingine kwenye orodha ili iuzike. Nadhani ndo safari aliyopita huyo wa pikipiki, ameambiwa tu "huu unanunuliwa" na huko mbele kila mgonjwa atakaekutana nae atamwambia unatibu ugonjwa wake.

Kigwangule

Duh kwahiyo dawa ya ndoto na mapenzi ndo imekua ya sukari.

Sista_Zahanati

Mwana_Bweni pole kwa mama. Mimi ni muuguzi, nina kliniki ya wagonjwa wa sukari kila Jumatano, nitaandika kirefu unisamehe maana hiki kitu nakiona kila wiki na kinaniuma.

La kwanza kabla ya okidi, VIDONGE ASIACHE. Nimeandika herufi kubwa makusudi. Hapo kwenye "vitagombana na dawa" ndipo wagonjwa wangu wanapopotelea. Mtu anaacha metformin (vile vidonge vya sukari) siku ishirini na moja, sukari inapanda kimya kimya haimuumi, anakuja kwangu ana kiu, anakojoa usiku kucha, amepungua, au ana kidonda mguuni ambacho hakukisikia kwa sababu ya ile ganzi.

La pili hiyo miguu kuwaka moto. Sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu na inaanzia mbali, vidole vya miguu, ndo maana inawaka na kuchoma kama sindano na usiku ndo zaidi. Hiyo haitibiwi na kikombe cha maji ya njano, kwanza sukari ishuke na itulie, alafu zipo dawa za kupunguza huo moto, daktari anaandika. Na kuna kitu watu wengi hawaambiwi, mtu aliyetumia metformin miaka mingi vitamini B12 inaweza kushuka mwilini, na B12 ikishuka nayo inaleta ganzi na kuwaka miguu. Kwahiyo mama miaka sita akienda aulize hilo, akutane na daktari amwambie "naomba niangaliwe B12", inawezekana sehemu ya mateso yake inatibika kabisa.

Sasa hiyo okidi. Watafiti wa huko huko KwaZulu-Natal wameshapima maabara okidi kadhaa zinazotumika kama dawa ikiwemo hii, wakaangalia kama maji yake yanazuia ule uchochezi unaoleta uvimbe na maumivu, na kuna dalili wamezipata. Lakini hiyo ni kwenye vichupa. Kutoka kwenye kichupa mpaka kwenye glasi mbili kwa siku kwa mama wa makamo mwenye sukari ni safari ndefu, hakuna aliyepima figo zake zitafanyaje, ini litafanyaje. Na ninyi mnajua mgonjwa wa sukari figo zake tayari ziko kwenye hatari. Hata tukijalia kwamba inashusha sukari kweli, basi akinywa pamoja na vidonge na hakuna anayejua kipimo inaweza kushuka kupita kiasi, atatoka jasho, atatetemeka, atachanganyikiwa, na akiwa peke yake shambani hapo je?

Mimi sipingi tiba asili. Muhimbili pale kuna taasisi nzima ya tiba asilia imeanza toka 1974 wanafanya kazi hiyo hiyo ya kuchukua mti wa mganga na kuupima, na Mkemia Mkuu wa Serikali anapima dawa za waganga kama ni salama. Njia ipo. Ninachopinga ni mtu kupimia dawa kwenye mwili wa mama yako.

Mwambie dada yako leo hii afanye haya: ampeleke mama akapime sukari asubuhi kabla hajala, ikifika saba au zaidi basi haijakaa sawa. Kila jioni amwangalie nyayo na katikati ya vidole kama kuna mchubuko. Asitembee peku shambani. Na asiloweke miguu kwenye maji ya moto kutuliza ule moto, wengi wanafanya hivyo na kwa sababu ya ganzi hawajui wameungua mpaka ngozi inavuka.

Mwana_Bweni

Sista Mungu akubariki sana. Hilo la maji ya moto nimeshtuka, mama hua anaweka maji ya moto na chumvi kila usiku. Nimempigia dada sasa hivi.

Guangzhou_Mizigo

Mkuu nisamehe naingia na mambo ya Uchina lakini nadhani yanahusu. Mimi nasafirisha mizigo Guangzhou na nimekaa huku muda wa kutosha. Huku okidi ya juu ya miti na majabali ni dawa kubwa sana inaitwa shihu, ni Dendrobium. Wanachukua mashina wanayakausha juu ya moto huku wanayasokota yanakua kama springi ndogo, dukani yanakaa kwenye kioo kama dhahabu na bei yake usiulize. Wanachemsha kwenye supu au chai kwa ajili ya koo kukauka, tumbo, macho, na kiu ya kupita kiasi, na hapo kwenye kiu ndo watu wa sukari wanapoingia. Mzee mmoja mwenye duka jirani yangu anatafuna shina bichi kila asubuhi kama muwa.

Nikawa najiuliza labda huyo jamaa wa Pangani kasikia ya huku akaibandika kwenye okidi yetu? Maana watu wanatumiana video siku hizi.

Alafu jambo lililonigusa ni kwamba hapa nako walichimba za porini mpaka zikakaribia kwisha, sasa hivi karibu zote zinazouzwa zinalimwa kwenye mabanda mikoa ya Zhejiang na Yunnan, na za porini zinalindwa na sheria. Na Novemba 2023 serikali yao imeingiza aina moja, Dendrobium officinale, kwenye orodha ya vitu vinavyoruhusiwa kua chakula na dawa kwa pamoja. Kwahiyo okidi inaweza kua biashara halali mtu akaitoa shambani kwake kama anavyotoa muhogo.

MsituWetu

Guangzhou_Mizigo umeleta kitu kizuri ila tukiweke sawa, Dendrobium na Ansellia ni ukoo mmoja mpana wa okidi lakini sio mmea mmoja, Dendrobium za asili ziko Asia mpaka Australia na visiwa vya Pasifiki, Afrika hazipo kabisa porini. Okidi duniani ni zaidi ya aina elfu ishirini na tano. Vanila ya Bukoba ni okidi, chikanda wanayochimba Nyanda za Juu Kusini kupeleka Zambia ni okidi. Mtu akikuambia "okidi inatibu sukari" ni sawa na kusema "jani linatibu".

Hata hili la nguvu za kiume lina historia yake. Neno okidi lenyewe linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya pumbu, kwa sababu okidi za ardhini za upande wa Mediterania zina viazi viwili viwili chini, basi watu wa kale wakaona Mungu ameweka alama, kitu kinachofanana na kiungo kinatibu kiungo. Mpaka leo Uturuki wanasaga viazi vile wanatengeneza kinywaji cha moto kinaitwa salep, na huko nako vimechimbwa mpaka vimekua adimu. Watu wa mbali hawajuani, kila mmoja akatazama umbo akakisia dawa.

Na chikanda hiyo msione ni jambo dogo. Ni viazi vya okidi za ardhini, Zambia wanasaga na karanga wanapika kitu kama kipande cha nyama, mahitaji yamekua makubwa mpaka wachimbaji wakavuka mpaka kuja Makete na Rukwa. Kiazi ukichimba mmea umekwisha. Kitulo ilipotangazwa hifadhi ya taifa 2005 uchimbaji huo ni moja ya vitu vilivyokua vinasumbua pale. Nilitembea kule mwaka mmoja msimu wa mvua nikakuta bonde lote maua, nikavuka kilima kimoja nje ya mpaka nikakuta vishimo tu, kama mbuzi wamefukua. Sijasahau.

Ansellia inakwenda njia hiyo hiyo. Ipo kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, na okidi zote ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, toka 1975, kuvusha mpaka wa nchi bila kibali ni kosa. Wapo wanaokusanya kwa ajili ya dawa na wapo wanaokusanya kuwauzia watu wa bustani mjini, na wakata mkaa ndo kabisa, mti ukienda chini na okidi inaenda.

BintiMkoba

Mzee MsituWetu shikamoo, hilo la vishimo limeniliza. Babu alikua anasema ukikuta mti mmoja usichukue, utafute wa pili, na ukikuta wa pili chukua kwa huo wa pili. Wa kwanza unabaki kutunza mahali.

Tajiri_Mtoto

Mimi nina mawazo tofauti kidogo msinichukie. Elfu thelathini kwa mtu wa kijijini ni pesa, mama angeuza mashina machache akabakiza mengine kuna ubaya gani? Sio wote wana watoto Dar wa kuwatumia.

MsituWetu

Swali lako ni la haki kijana na sikuchukii. Kama ni shamba lake na mtu anataka mashina machache kwa matumizi ya nyumbani, kichaka kinapona, okidi hii inagawanyika, ukikata kipande chenye mashina matatu manne na mizizi yake kinaweza kuishi peke yake. Ila hawa wa viroba hawachukui machache, wanapiga panga kwenye kitako kwa sababu wanalipwa kwa uzito. Mimi ningemshauri mama apandishe vipande kwenye minazi yake au mikoche, baada ya miaka ana okidi kumi na anaweza kuuza miche kwa watu wa bustani wa Tanga mjini na Dar kwa utaratibu wa kisheria, aende ofisi ya misitu ya wilaya aulize vibali kabla. Hiyo pesa inarudi kila mwaka.

Mwana_Bweni

Wakuu nimerudi na mrejesho, samahani nilikaa kimya siku tisa.

Nilipanda basi Ijumaa nikaenda nyumbani mwenyewe, niliona simu haitoshi. Nilimkuta mama ameshakunywa siku nne (dada alikua hajui, alikua anachemsha alfajiri). Na vidonge hakuviacha kwa sababu ya hiyo dawa, vilikua vimekwisha toka mwezi uliopita na hakusema, anasema hakutaka kunisumbua na nauli. Hapo nilikaa chini nikakosa la kusema.

Jumamosi asubuhi tukaenda kupima kabla hajala, kumi na nne nukta mbili. Daktari akamrudishia dawa, akampima na mkojo kuangalia figo akasema kwa sasa hajaona tatizo ila arudi baada ya mwezi, na ile B12 nilimuuliza kama Sista alivyosema, akasema ni wazo zuri ila kipimo hakipo pale, amemwanzishia vidonge vyake na dawa nyingine ya usiku ya ule moto. Juzi usiku ndo mara ya kwanza amelala bila kuamka, dada anasema alimwendea mara mbili kumwangalia kama anapumua.

Nilimsomea mama huu uzi wote tukiwa tumekaa pale pale chini ya mbuyu. Aliposikia habari ya babu yake BintiMkoba kusema "sikufundishwa" alinyamaza muda akasema huyo alikua mganga. Alafu akanisimulia kitu sikuwahi kukijua, kwamba marehemu baba alipokuja kumposa alimletea lile ua, alipanda mbuyu mwenyewe, na ndo sababu hakuwahi kuruhusu mtu auguse mpaka hayo maumivu yalipomzidi mwaka huu. Jamaa wa pikipiki alikuja tena Jumapili nikiwepo, mama mwenyewe ndo alimjibu.

Sasa swali la mwisho. Pale alipokata mama kuna kipande kilichomoka chote, kina mashina matano na mizizi kiasi, kilikua kimetupwa karibu na jiko lakini bado ni kibichi. Kinaweza kuota? Anataka kiwekwe kwenye mkoche ulio karibu na mlango wake akione akiwa amekaa barazani.

MsituWetu

Kinaota. Kiacheni kivulini siku mbili tatu pale palipokatwa pakauke pafunge, msikizike kwenye udongo hata kidogo kitaoza. Alafu mkikalishe kwenye mkoche upande unaopata jua la asubuhi na kivuli cha mchana, juu kidogo mbuzi wasifikie, chini yake mtie makumbi ya nazi kushika unyevu, mfunge kwa kamba ya katani na sio waya wala nailoni, katani itaoza yenyewe baada ya mwaka na mizizi itakua imeshashika. Mashina yaangalie juu kama yalivyokua. Mnyunyizieni maji asubuhi mara mbili tatu kwa wiki mpaka muone mizizi mipya myeupe yenye ncha ya kijani, ikionekana hiyo punguzeni muiachie mvua. Mwaka wa kwanza msitegemee ua.

Sista_Zahanati

Kumi na nne! Nashukuru Mungu mmewahi. Mama arudi kliniki hiyo hiyo baada ya mwezi hata akijisikia mzima, na weka namba ya dada yako kwenye kadi yake ya kliniki ili vidonge vikikaribia kwisha apigiwe yeye.

Mwana_Bweni

Namba nimeandika. Katani ipo, mjomba anafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Muheza, analeta kesho.